Kupunguza na Kutunza Cheni ya Msumeno wa Mnyororo Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Watumiaji wa Tanga

Cheni ya msumeno wa mnyororo hupunguzwa kwa sababu moja tu iliyo halali, nayo ni kwamba ina viungo vingi kuliko vinavyohitajiwa na baa yake, yaani lile bamba refu la chuma ambalo cheni hulizunguka. Hali hiyo hutokea mara nyingi huku kwetu. Duka la vipuri mjini Tanga halina cheni ya viungo 68 lakini lina ya viungo 72. Au mtu amenunua kipande kilichokatwa kutoka kwenye cheni ndefu iliyoviringishwa dukani, bila kuhesabiwa vizuri. Au baa ya inchi 20 imepinda, ikabadilishwa kwa ya inchi 18, na cheni yake bado ni mpya. Katika hali hizo kazi inaweza kufanywa nyumbani, juu ya meza imara, mradi mwenye kuifanya ana vifaa vinavyofaa na hana haraka.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huitumia, na ndiyo iliyonisukuma kuandika mwongozo huu kwa urefu. Cheni imetumika kwa miezi mingi kupasua magogo Muheza au Korogwe, imelegea, skrubu ya kukazia imefika mwisho wake, na mwenye msumeno anaona njia rahisi ni kutoa kiungo kimoja ili kazi iendelee. Nawasihi wote wenye mazoea hayo wayaache. Cheni iliyofika hapo haikurefuka kwa kuvutika. Kilicholika ni ribiti, yaani vile vipini vidogo vinavyounganisha viungo, na matundu yanayozishika, na kila kiungo kikipata uwazi mdogo, viungo zaidi ya 60 vikijumlishwa huleta ulegevu tunaouona. Ukitoa kiungo kimoja, viungo vingine vyote vinabaki na uwazi wao, umbali kati ya ribiti na ribiti haulingani tena na meno ya sproketi (gurudumu dogo la injini linaloendesha cheni), sproketi inaanza kuliwa, na ribiti zilizokwisha kuwa nyembamba zinaendelea kubeba mzigo uleule. Cheni ya namna hiyo ikikatika injini ikizunguka kwa kasi kubwa, mkia wake hujipiga kwa nguvu, na kipande kidogo kinaweza kuchomoka kwa kasi ya risasi.

Namna ya kujua kama cheni imechoka

Njia iliyo wazi kuliko zote ni kutundika cheni yako kwenye msumari ukutani pamoja na cheni mpya ya aina ileile yenye idadi ileile ya viungo. Zikining'inia bega kwa bega, tofauti ya urefu itaonekana kwa macho. Asiye na cheni mpya anaweza kupima: ainyooshe cheni juu ya meza, aivute isiwe na ulegevu, kisha apime kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya 21. Cheni mpya ya 3/8 (namba hii ni hatua ya cheni kwa inchi, nitakayoieleza hapa chini) itatoa takriban milimita 186, ya .325 itatoa milimita 165, na ya .404 itatoa milimita 205. Kipimo kikizidi hapo kwa milimita 3 au zaidi, mimi huihesabu cheni hiyo kuwa imekwisha, hata kama meno yake bado ni marefu.

Tazama pia ncha za chini za viungo vinavyopita ndani ya mfereji wa baa. Zikiwa zimepinda, zimelika upande mmoja au zimefanya ndoana, cheni hiyo haistahili kuunganishwa upya. Vivyo hivyo ukiona ufa kwenye bamba lolote au rangi ya buluu iliyotokana na joto, usitafute namna ya kuiokoa.

Kusoma namba kabla ya kushika kifaa chochote

Cheni hutambulika kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni hatua ya cheni, yaani nusu ya umbali unaochukuliwa na ribiti tatu zinazofuatana; kwenye misumeno mingi inayotumika mkoani kwetu hatua hiyo ni .325 au 3/8, na mashine kubwa za kupasulia mbao hutumia .404. Cha pili ni unene wa kiungo cha chini, ambao kwa kawaida ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6, na ni lazima ulingane na upana wa mfereji wa baa. Cha tatu ni idadi ya viungo vya chini, yaani vile vyenye ncha inayozama kwenye mfereji; hivi ndivyo vinavyohesabiwa tunaposema cheni ya viungo 68 au 72. Vipimo hivi aghalabu hugongwa kwenye ubavu wa baa, karibu na mahali inapofungwa kwenye injini. Visome kwa mwanga mzuri baada ya kufuta uchafu, kwa kuwa oili iliyochanganyika na unga wa mbao hufunika tarakimu.

Usitegemee urefu wa baa kwa inchi peke yake. Baa ya inchi 18 yenye cheni ya 3/8 inaweza kuhitaji viungo 66 kwenye msumeno wa kampuni moja na viungo 68 kwenye msumeno wa kampuni nyingine, kwa sababu umbali kutoka sproketi hadi mwanzo wa baa haufanani. Kama maandishi yamefutika, funga baa mahali pake, legeza skrubu ya kukazia hadi karibu na mwanzo, izungushie cheni ndefu uliyonayo, na uhesabu viungo vinavyozidi. Hesabu hiyo irudiwe na mtu wa pili. Cheni iliyokatwa fupi kupita kiasi hurekebishwa kwa kuongeza kiunganishi kingine, na kila kiunganishi kinachoongezwa ni mahali pengine pa kuhofia.

Vifaa

Utahitaji jiliwa lililofungwa imara mezani, fuawe ndogo au kipande kizito cha chuma kigumu, nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, panchi nyembamba inayopita kwenye tundu la ribiti, tupa bapa, na grainda ndogo ikiwa unayo. Mafundi wenye karakana hutumia mashine mbili ndogo za mkono, moja ya kutolea ribiti na nyingine ya kuzungusha kichwa cha ribiti mpya hadi kikae. Ukipata fundi wa kukuazima au kukufanyia hatua hiyo ya mwisho kwa malipo kidogo, mkubalie. Kichwa kilichozungushwa kwa mashine hukaa vizuri kuliko kilichogongwa kwa nyundo.

La lazima kuliko vyote ni kiunganishi kipya. Huuzwa kikiwa mabamba mawili, moja tayari lina ribiti mbili zilizosimama na jingine lina matundu tu. Kiwe cha hatua ileile na unene uleule, na ikiwezekana cha kampuni iliyotengeneza cheni yenyewe. Usirudishe ribiti iliyokwisha kutolewa, usitumie msumari uliokatwa, wala usipeleke cheni kwa mchomeleaji. Joto la kuchomelea huondoa ugumu wa chuma pande zote mbili za kiungo, na kiungo hicho ndicho kitakachokatika kwanza.

Kwa upande wa kinga, vaa miwani inayofunika macho hadi pembeni, kwani kichwa cha ribiti kinapokatika huruka. Vaa glovu nene unaposhika cheni, lakini zivue unapotumia grainda ikiwa zina nyuzi zinazoweza kunaswa. Kabla ya kutoa cheni kwenye mashine, zima injini, iache ipoe, chomoa kifuniko cha plagi, na uisogeze mashine pamoja na galoni la petroli mbali kabisa na mahali ambapo cheche zitaruka. Watoto wasiwepo uani wakati wa kazi hii.

Kuchagua mahali pa kukata

Hapa ndipo watu wengi huharibu cheni nzuri, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole. Ukitazama cheni ya kawaida kutoka juu, utaona viungo vya chini vikiwa katikati, kimoja kimoja, na kila kimoja kimeunganishwa na kinachofuata kwa jozi ya mabamba ya pembeni. Jozi moja hubeba jino la kushoto, inayofuata ni mabamba matupu, inayofuata hubeba jino la kulia, kisha mabamba matupu tena, na mpango huo hurudiwa hadi mwisho. Mzunguko mmoja kamili, kushoto na kulia, hutumia viungo vinne vya chini. Ndiyo maana kutoka 72 kwenda 68 ni kazi nyepesi: unaondoa mzunguko mmoja mzima, na meno yanabaki yakipokezana kama yalivyotoka kiwandani.

Chukua chaki au rangi ya kucha. Tafuta jozi ya mabamba matupu na uitie alama. Hiyo tuiite jozi ya kwanza. Kutoka hapo hesabu viungo vinne vya chini kuelekea upande mmoja, na jozi ya mabamba utakayoifikia baada ya kiungo cha nne nayo itakuwa matupu. Itie alama kama jozi ya pili. Jozi hizi mbili ndizo zitakazofunguliwa. Katikati yake kuna viungo vinne, jino moja la kushoto na jino moja la kulia, na kipande hicho chote kinatoka. Miisho miwili ya cheni inayobaki itakuwa viungo vya chini, na kiunganishi kipya ndicho kitakachochukua nafasi ya mabamba matupu kati yake.

Ukihitaji kuondoa viungo viwili badala ya vinne, utapoteza jino moja, na mahali pa kuungia patakuwa na meno mawili ya upande mmoja yanayofuatana, yakiwa yametenganishwa na mabamba matupu. Hilo linakubalika, hata viwanda hufanya hivyo pale idadi ya viungo isipogawanyika kwa 4. Ukihitaji kuondoa kimoja au vitatu, acha mabamba matupu mawili yafuatane. Jambo lisilokubalika ni kuwa na jozi mbili zenye meno zikigusana bila mabamba matupu kati yake.

Kufungua ribiti

Funga cheni kwenye jiliwa kwa ncha za viungo vya chini, huku jozi yenye alama ikiwa juu ya midomo ya jiliwa. Kwa tupa bapa au grainda, ondoa vichwa vya ribiti zote mbili za jozi hiyo kwa upande mmoja hadi vilingane na uso wa bamba. Ukitumia grainda, gusa kidogo kisha inua, gusa tena kisha inua, na ukiona chuma kinaanza kubadilika rangi, simama kipoe chenyewe. Usimwagie maji. Viungo viwili vya chini vitakavyobaki kwenye cheni viko milimita chache tu kutoka hapo, na havipaswi kupata joto la kupoteza ugumu wao wala mkwaruzo wa jiwe la grainda.

Vichwa vikishaondoka, hamishia cheni kwenye fuawe yenye tundu, au fungua midomo ya jiliwa kiasi cha kupitisha ribiti huku bamba la chini likiegemea pande zote mbili. Weka panchi katikati ya ribiti na ugonge kwa pigo fupi. Ribiti ya cheni ya msumeno si pini iliyonyooka. Sehemu yake ya kati, ambayo kiungo cha chini huzunguka juu yake, ni nene kuliko miisho, kwa hiyo haiwezi kupita kwenye tundu la bamba. Kinachotokea ni kwamba bamba la juu linalegea na kuinuka, na bamba la chini linatoka pamoja na ribiti zake mbili. Ikiwa ribiti haisogei, rudi kwenye tupa, kwa sababu bado kuna ukingo wa kichwa uliobaki. Kugonga kwa nguvu zaidi hupindisha kiungo cha chini, na kiungo kilichopinda hakipiti tena kwenye mfereji wa baa.

Fungua jozi ya pili kwa njia hiyohiyo. Kabla ya kuendelea, safisha matundu ya viungo viwili vya mwisho kwa mafuta ya taa, yakaushe, na uyatazame dhidi ya mwanga. Tundu liwe duara. Likiwa limekuwa yai, cheni hiyo imechoka kuliko ulivyodhani, na ni afadhali kuiacha.

Kuunganisha

Laza bamba lenye ribiti juu ya fuawe, ribiti zikitazama juu. Tia tone la oili kwenye kila ribiti. Pitisha kiungo cha mwisho cha upande mmoja, kisha cha upande wa pili, ukihakikisha kwamba cheni haikujisokota na kwamba makali ya meno yote yanatazama mwelekeo mmoja. Kosa la kusokota hugunduliwa mara nyingi baada ya ribiti kukaa, na hapo kiunganishi kimeshapotea. Kisha weka bamba tupu juu yake, likae likiwa limelala sawasawa juu ya mabega ya ribiti. Kama mabamba ya cheni yako yana umbo lenye nundu upande mmoja, linganisha na jirani yake ili yakae namna moja.

Kichwa cha ribiti kitengenezwe kwa mapigo mepesi na mengi, ukizunguka ukingo wake kwa upande wa mviringo wa nyundo, si kwa pigo moja zito la katikati. Endelea kidogo kwa ribiti ya kwanza, kidogo kwa ya pili, ukirudi kwa ya kwanza. Tazama kwa karibu kinachotokea: ncha ya ribiti, ambayo mwanzoni ni silinda ndogo yenye kingo kali, huanza kupanuka kama uyoga, ukingo wake unashuka hadi unagusa bamba pande zote, na mwanya mwembamba uliokuwa ukionekana chini yake unapotea. Linganisha na kichwa cha kiwandani kilicho jirani. Kiwe na upana unaokaribiana nacho, kiwe duara, na kisiwe na ufa hata mmoja wa unene wa unywele. Ufa ukionekana, kata kiunganishi hicho, tupa, na uanze na kingine.

Kisha kunja kiungo hicho kwa vidole, upande huu na upande ule. Kinapaswa kujikunja kwa uhuru sawa na viungo vingine, bila kucheza kuelekea pembeni. Kikiwa kigumu, ribiti imebanwa mno. Weka cheni pembeni juu ya fuawe na ugonge kidogo sana kiungo cha chini upande na upande hadi kilegee. Kisipolegea, usijidanganye kwamba kitalainika chenyewe kazini, kwani kiungo kigumu hupata joto na hukatika.

Majaribio ya kwanza

Loweka cheni kwenye oili kwa saa chache, kisha ifunge kwenye msumeno. Ivute kwa mkono wenye glovu mizunguko kadhaa kamili na usikilize. Mahali pa kuungia papite kwenye sproketi na kwenye pua ya baa bila kuruka wala kukwama. Rudisha kifuniko cha plagi, hakikisha kishika cheni kilicho chini ya mashine hakijavunjika, washa injini nje penye nafasi, na ukae ubavuni, usisimame wala usimruhusu mtu kusimama kwenye mstari wa baa, mbele au nyuma. Iache cheni izunguke kwa mwendo mdogo kwanza, kisha ongeza. Zima, iache ipoe, kagua ribiti mpya kwa mara nyingine, kaza tena. Katika siku ya kwanza ya kazi, kagua mahali hapo kila unapojaza petroli.

Kunoa

Utunzaji wa cheni kwa sehemu kubwa ni kunoa. Cheni kali huvuta baa ndani ya gogo yenyewe na hutoa vipande vya mbao vyenye umbo. Cheni butu hutoa unga, humlazimisha mtu asukume, hupata joto, na joto hilo ndilo linalomaliza ribiti. Kwa hiyo anayenoa mara kwa mara hatafika upesi kwenye ule ulegevu unaomfanya atamani kutoa kiungo.

Mbao za Tanga hukulazimisha kunoa mara kwa mara. Mitiki, ambayo shamba la Longuza wilayani Muheza linajulikana kwayo, ina silika ndani ya nyuzi zake, na silika hula makali. Mvule wakati mwingine huwa na mawe ya chokaa ndani ya kiini, yasiyoonekana hadi cheni iyapate. Shina la mnazi wa pwani hubutisha upesi, na likiwa limelala mchangani ni baya zaidi, kwani mguso mmoja wa cheni kwenye mchanga unatosha kuondoa makali ya meno yote. Miembe ya uani mijini ina misumari ya zamani ya kamba za nguo na mabango. Ikague kabla ya kukata. Kwa kazi kama hizi napendekeza cheni yenye meno ya kona ya mviringo badala ya kona kali, maana hukata polepole kidogo lakini hudumu na makali.

Tupa ya mviringo ichaguliwe kulingana na cheni: milimita 4.8 kwa .325, milimita 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kulingana na maelekezo ya kampuni yake, milimita 5.5 kwa .404, na milimita 4.0 kwa ile 3/8 ndogo ya misumeno myepesi. Bana baa kwenye jiliwa, vaa glovu, kaza cheni kidogo ili meno yasiyumbe, na utafute jino fupi kuliko yote. Hilo ndilo la kuanzia, na mengine yote yatafikishwa kwenye urefu wake. Shika tupa ikiwa imelala kwa pembe ya nyuzi 30 kwa cheni nyingi, au ufuate mstari uliochorwa juu ya jino, huku sehemu moja ya tano ya unene wake ikiwa juu ya ukingo wa jino. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua, rudi bila kugusa. Tupa haikati inaporudi, inajiharibu tu.

Ili kujua kama jino limekuwa kali, ligeuzie mwanga. Makali butu humetameta kama mstari mweupe, na makali ya kweli hayarudishi mwanga wowote. Endelea hadi mstari huo upotee wote, pamoja na sehemu yoyote ya juu ambayo tabaka lake la kromi limepigwa na jiwe. Maliza upande mmoja wote kisha geukia upande wa pili, na utoe idadi ileile ya misukumo. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande mwingine, msumeno utakata kwa kupinda, na watu huilaumu baa bure.

Mbele ya kila jino kuna nundu inayopima kina cha kuuma. Kadiri jino linavyonolewa ndivyo linavyoshuka, na nundu inabaki juu. Hapo cheni hata ikiwa kali haitauma. Baada ya kunoa mara tatu au nne, weka kipimo bapa juu ya meno na ushushe nundu kwa tupa bapa hadi iwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65, kisha uviringishe pembe yake ya mbele. Usizidishe kwa tamaa ya kukata haraka. Nundu zilizoshushwa mno hufanya jino kung'ata kupita nguvu ya injini, na pua ya baa ikigusa kitu, msumeno hurudi usoni kwa mshikaji kabla hajaweza kufanya lolote.

Cheni hunolewa hadi jino lolote libaki na urefu wa milimita 4, au lifike kwenye alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Baada ya hapo jino linaweza kuvunjika.

Baa, sproketi na oili

Geuza baa juu chini kila unapobadilisha au kunoa cheni kwa kina, ili isilike upande mmoja. Safisha mfereji kwa waya mwembamba, fungua tundu la oili, na ukwangue kwa tupa bapa kingo kali zinazojitokeza ubavuni. Sproketi ibadilishwe pale alama za cheni zinapochimba kwa nusu milimita, na si busara kuvalisha cheni mpya sproketi iliyokwisha kuliwa, kwa kuwa itaiharibu ndani ya muda mfupi.

Oili chafu iliyotolewa kwenye gari hutumika sana kulainishia cheni kwa kuwa haina gharama. Naipinga bila kusita: ina chembe za chuma zinazosaga ribiti na pampu, haigandi kwenye cheni, na inaruka kwenye ngozi na mapafu ya mfanyakazi. Kama oili maalumu ya cheni haipatikani, oili safi ya injini SAE 30 au 40 inafaa kwa joto letu. Jaribu pampu kwa kuelekeza pua ya baa kwenye kipande cha boksi na kuongeza kasi ya injini. Mstari wa oili uonekane juu yake baada ya sekunde chache.

Cheni ikazwe ikiwa baridi, huku pua ya baa imeinuliwa kwa mkono, hadi cheni iguse baa kwa chini na bado ivutike kwa vidole vyenye glovu. Ikipata joto kazini hurefuka na hukazwa tena. Basi ukimaliza kazi ilegeze, kwa sababu ikipoa itasinyaa na kuivuta shafti ya injini na beringi zake.

Hewa ya chumvi ya pwani, kuanzia Raskazone hadi Pangani, huleta kutu ndani ya siku chache. Cheni isiyotumika ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, na ihifadhiwe ndani ya kopo lenye kifuniko ikiwa imezama kwenye oili safi. Kipande cha viungo vinne ulichokiondoa kiweke kwenye kopo hilohilo pamoja na karatasi iliyoandikwa hatua, unene na idadi ya viungo vya baa yako. Hakifai kuunganishwa popote tena, lakini utakapokwenda dukani kitaonyesha aina ya cheni unayoitaka kuliko maelezo yoyote ya mdomo.